Kajiado Ifunge Mito Yake kwa Malori ya Mchanga

Barabara ya Magadi ikitoka Kiserian hupanda hadi Kona Baridi, kisha ardhi huporomoka ghafla kuelekea Bonde la Ufa. Mgongo huo wa Ngong ndio unaogawa maji. Mvua inayonyesha mashariki yake hushuka hadi Mbagathi, huingia mto Athi, na hatimaye humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi, ambako mto huo huitwa Sabaki. Inayonyesha magharibi hubaki bondeni, na huko hakuna njia ya kufika baharini.

Ardhi hiyo sasa imekatwakatwa kuwa ploti za hamsini kwa mia. Kila anayejenga huagiza tipa la mchanga, na baada ya kuhamia huanza kuagiza boza la maji. Ni wachache wanaofikiria kwamba mizigo hiyo miwili inahusiana. Inahusiana sana, na uhusiano huo ndio sababu ya kuitaka serikali ya Kaunti ya Kajiado ipige marufuku kwa sheria usombaji wa mchanga wa mito kwa malori ya biashara.

Kona Baridi na Kitengela hazina mchanga wao wenyewe. Miamba ya huko ni ya volkeno, na ikioza hutoa udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa kiangazi kikikaza. Mchanga safi wa kujengea hutokana na miamba ya kale zaidi, yenye chembe nyingi za kwatsi, inayopatikana kusini na mashariki mwa kaunti: upande wa Kajiado mjini, Bisil, Mashuuru na Namanga. Mito ya huko hutiririka siku chache tu kwa mwaka. Miezi iliyobaki mgeni akipita huona mkanda mpana wa mchanga mkavu, akadhani mto umekufa.

Mto haujafa, umejificha. Mafuriko yakipita, maji huzama katikati ya chembe za mchanga na kukaa humo juu ya mwamba usiopitisha maji. Jua huyafikia yale ya tabaka la juu tu, na kadiri yanavyoshuka ndivyo uvukizi unavyopungua, hata yakiwa chini ya mita moja hivi hayapotei kwa urahisi. Ndiyo maana akina mama na wachungaji huchimba visima vifupi katikati ya mto mkavu na kupata maji miezi kadhaa baada ya mvua ya mwisho. Mchanga huo ndio tangi, na hakuna aliyelipa senti kuujenga.

Hesabu yake si ngumu. Mchanga wa chembe kubwa, ukijaa maji, huweza kuachia takriban robo ya ujazo wake. Lori la tani saba hubeba kama mita za ujazo nne na ushee. Kwa hiyo kila lori linaloondoka mtoni linachukua nafasi ambayo ingehifadhi zaidi ya lita elfu moja, yaani mitungi hamsini hivi ya lita ishirini. Nafasi hiyo ingejazwa upya kila msimu wa mvua. Malori ishirini kwa siku yanaondoa nafasi ya mitungi elfu moja, na hasara hiyo hurudi mwaka baada ya mwaka mpaka mto upate mchanga mwingine. Mito hupata mchanga mpya, hilo ni kweli, lakini kwa mwendo wa mafuriko na mmomonyoko. Malori hayasubiri mwendo huo.

Mchanga ukishachotwa hadi mwamba, mafuriko hupita kwa kasi bila kuacha kitu. Kina cha maji ardhini hushuka hata nje ya kingo, visima vya jirani hukauka, na miti ya kando ya mto iliyotegemea unyevu huo hunyauka. Kingo zenyewe hubomoka. Nguzo za madaraja zilizofukiwa ardhini huanza kuonekana, na gharama ya kuzitengeneza humwangukia mlipa kodi ambaye hakuuza hata koleo moja.

Wapo wanaojibu kwamba siku hizi kuna visima virefu. Vipo, na vimeokoa wengi. Lakini maji ya chini sana katika miamba ya volkeno mara nyingi huwa na madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto wengi wa Kajiado ni ushahidi usiohitaji maabara. Maji ya mchangani ni ya mvua ya juzi, hayajakaa katika mwamba kwa muda wa kutosha kubeba madini hayo. Kuharibu maji hayo, kisha kukopa fedha za kuchimba mita mia mbili kwenda chini kutafuta yaliyo mabaya zaidi, ni kupoteza mara mbili.

Shinikizo la ujenzi halitapungua lenyewe. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kaunti ya Kajiado. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Kitengela pekee ilikuwa imevuka watu 150,000. Nairobi nayo iko mlangoni, na haina mto wa mchanga. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Gigiri, lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka, na likaonya kwamba nchi nyingi hazijui hata kiasi zinachochimba.

Kenya ilianza kuzungumza habari hii zamani. Mwaka 2007, Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, ilitoa mwongozo wa uvunaji wa mchanga: kazi ifanywe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na isifanywe karibu na madaraja, barabara na reli. Maneno mazuri. Lakini mwongozo si sheria yenye makali, na lori la usiku haliogopi karatasi iliyo ofisini Nairobi.

Kaunti jirani ya Makueni ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, mwanasheria aliyewahi kuwa waziri wa mazingira, bunge la kaunti lilipitisha sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga, likaunda mamlaka maalumu ya kuisimamia na kuzuia mchanga kusombwa kwenda kuuzwa nje ya kaunti. Mwananchi anayejenga nyumba yake kijijini hakunyimwa mchanga, ila biashara ya malori ya kwenda mbali ilibanwa. Haikuwa kazi laini. Mchanga umemwaga damu Ukambani, na waliojaribu kuwazuia wachimbaji haramu hawakuwa salama. Hata hivyo Makueni ilionyesha kwamba kaunti ya Kenya inaweza kuamua kwamba mchanga wake una kazi muhimu zaidi ya kuwa zege la Nairobi.

Je, marufuku ya namna hiyo itasimama mahakamani? Hapa ndipo wanaharakati wengi hukosea, kwa kuandika ombi lenye uchungu mwingi na msingi dhaifu. Funzo bora linatoka mbali, katika vita vya miji midogo dhidi ya uchimbaji wa gesi kwa njia ya kupasua miamba kwa shinikizo la maji. Katika njia hiyo, kampuni hutoboa ardhi kilomita kadhaa, kisha husukuma maji, kemikali na mchanga kwa nguvu hadi mwamba upasuke. Kazi ya mchanga ni kuzuia nyufa zisijifunge ili gesi itoke. Miamba ya Kajiado si ya aina hiyo na hakuna sababu ya kuwatisha watu na jambo hilo, lakini swali la kisheria ni lile lile: je, serikali ya chini inaweza kukataa uchimbaji ambao serikali ya juu inauruhusu?

Dryden ni mji wa watu kama 14,000 katika jimbo la New York. Mwaka 2011 baraza lake lilipiga marufuku uchimbaji huo kwa kutumia mpango wake wa matumizi ya ardhi, na kampuni ya gesi ikaushtaki. Tarehe 30 Juni 2014, mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliupa mji ushindi kwa majaji watano dhidi ya wawili. Hoja yao ilikuwa kwamba sheria ya jimbo hupanga namna ya kuchimba, lakini haikuwapokonya wenyeji haki ya kusema mahali ambapo shughuli hiyo haitakiwi.

Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, wapiga kura wa Denton, Texas, waliupiga marufuku uchimbaji huo kwa karibu asilimia 59 ya kura. Mwezi wa Mei uliofuata gavana wa jimbo alitia saini sheria iliyoipokonya miji uwezo huo, na mwezi wa Juni Denton ikalazimika kuifuta marufuku yake. Wingi wa kura haukuweza kuiokoa.

Afrika Kusini nako kuna fundisho. Mwaka 2015 waziri wa madini alitunga kanuni za kuruhusu uchimbaji huo, hasa katika nyika kavu ya Karoo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Rufaa ilizitupa, kwa sababu mamlaka ya kutunga kanuni za mazingira katika uchimbaji yalikuwa kwa waziri mwingine. Mahakama haikuhitaji kuamua kama upasuaji wa miamba ni mzuri au mbaya. Ilitazama mkono ulioandika kanuni.

Kajiado nayo itaulizwa swali hilo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinayaweka madini chini ya serikali ya kitaifa, na wakili wa wenye malori ataanzia hapo. Sheria ya kaunti ikijitambulisha kuwa sheria ya madini, itakuwa imejifungia mlango. Lakini Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linazipa kaunti jukumu la kutekeleza sera za uhifadhi wa mazingira, na linataja waziwazi uhifadhi wa udongo na maji. Pia linazipa mipango ya ardhi na barabara za kaunti. Huo ndio msingi imara. Sheria iandikwe kuwa ya kulinda hifadhi ya maji iliyo mitoni, itaje mito yenyewe kwa majina na sehemu zake, na ipige marufuku upakiaji wa malori ya biashara humo kwa sababu hiyo.

Msingi wa pili ni ushiriki wa wananchi. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa za leseni, lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu wa megawati 1,050, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Kisu hicho hukata pande zote. Marufuku itakayopitishwa kwa haraka bila mikutano Bisil, Mashuuru na Kitengela inaweza kuangushwa na wafanyabiashara kwa hoja ile ile iliyowaokoa watu wa Lamu.

Katika mikutano hiyo vijana wapakiaji watasimama, na wana haki ya kusikilizwa. Kijana anayeshika koleo tangu alfajiri hakuanzisha uharibifu huu kwa hiari, hasa baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana kuanzia mwishoni mwa 2020, ukame uliomaliza ng'ombe wa familia nyingi. Faida kubwa haiko kwake, iko kwa dalali na mwenye lori. Kwa hiyo sheria ya haki itawaajiri vijana hao hao kulinda mito na kujenga mabwawa ya mchanga, zile kuta fupi za zege zinazovuka mto na kunasa mchanga nyuma yake, ambazo Kitui na Makueni zimejenga kwa mamia. Itaacha mkokoteni wa punda uchote mchanga wa nyumba ya jirani, kwa kibali cha kamati ya wenyeji, mahali mchanga ulipojaa.

Mwenye kujenga Kona Baridi naye atauliza achanganye saruji na nini. Jibu lipo chini ya miguu yake: mwamba mgumu wa volkeno, ukisagwa na kuchekechwa vizuri, hutoa mchanga wa zege, na nchi nyingi zinajenga nao. Machimbo ya mawe yana vumbi na makelele yake, na yanahitaji leseni na usimamizi mkali. Lakini shimo la mawe halimkaushii mama kisima kilomita hamsini kutoka hapo. Ushuru ambao kaunti itaupoteza mitoni unaweza kutozwa huko.

Hakuna haja ya kusubiri kiongozi mwenye huruma. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi mbele ya bunge la kaunti ili litunge sheria, liirekebishe au liifute. Wakazi wa Bisil wanaopoteza visima na wakazi wa Kona Baridi wanaonunua maji ya boza wanaweza kutia saini ombi moja. Liambatanishwe na ramani ya sehemu za mito zinazochimbwa, picha za kingo zilizobomoka, na vipimo vya kina cha maji katika visima vya mchangani, vilivyochukuliwa kiangazi na baada ya mvua. Kisha wawakilishi wa wadi waombwe wapige kura kwa majina, ili kila kijiji kijue mwakilishi wake alisimama upande gani.