Kawia Ufike: Ilimu ya Theluji Niliyofunzwa Davos

Sisi watu wa Mwambao theluji twaijua zaidi kwa picha. Basi nilipokwenda Davos, katika milima ya Uswisi, kumzuru mpwa wangu afanyaye kazi katika jiko la hoteli, nilidhani theluji ni kitu kimoja tu: cheupe, baridi na laini kama pamba. Nilirudi na akili nyingine.

Jumapili moja ya Februari kulipambazuka jua la ajabu. Usiku kucha theluji ilikuwa imeanguka pamoja na upepo, na sasa mbingu ilikuwa safi, hapana hata wingu. Mpwa wangu alikuwa tayari na mbao zake za kutelezea.

"Mjomba," aliniambia, "leo mimi na wenzangu twapanda upande wa nyuma, kusikokuwa na njia za watalii."

Jirani yake, mzee aliyewaongoza wapanda milima kwa miaka mingi, alimsikia. Hakumkataza. Alichukua sepetu, akatupeleka kwenye kilima kidogo ukingoni mwa mji, akachimba shimo la kina cha kiuno.

"Tia mkono," aliniambia.

Juu palikuwa na tabaka gumu, lililoshindiliwa na upepo likawa kama ubao. Chini yake palikuwa na chembe kubwa zisizoshikana, zikamwagika baina ya vidole vyangu kama sukari. Mzee alitueleza kwamba theluji ikiwa haba mwanzoni mwa majira ya baridi, na usiku ukawa wa baridi kali, mvuke hupanda kutoka chini na kuigeuza theluji kuwa chembe kama zile. Kisha theluji mpya huzifunika, na udhaifu ule hukaa umejificha kwa majuma mengi. Ni ubao uliowekwa juu ya gololi.

Mahali penye mteremko wa digrii 30 au zaidi, uzito wa mtu mmoja watosha. Tabaka la chini huvunjika, mara nyingine kwa mshindo mzito, ufa ukakimbia, na ubavu mzima wa mlima ukateremka. Mara tisa hivi katika kumi, wanaonaswa huwa wameliporomosha wao wenyewe au wenzao.

Kila siku ya majira ya baridi, saa kumi na moja jioni, taasisi ya uchunguzi wa theluji iliyoko Davos hutoa taarifa ya hatari kwa daraja tano. Siku ile ilikuwa daraja la tatu.

"Tatu katika tano, Mjomba, ni katikati tu!" alisema mpwa wangu.

Mzee akatikisa kichwa. Karibu nusu ya vifo, alisema, hutokea katika daraja hilo hilo. Kwenye la nne na la tano watu huogopa wakakaa nyumbani. La tatu, likipata jua, huwahadaa.

"Lakini juma lililopita wenzangu walipita pale wakarudi salama."

"Mlima hauwaambii waliokosea kwamba wamekosea," mzee alijibu. "Mtu hupita mara kumi kwa bahati, akadhani ni ujuzi."

Wapandaji hubeba kidude cha redio kinachotoa ishara, ufito mrefu wa kuchokolea theluji, na sepetu. Lakini theluji ikisimama huganda kama saruji. Wanaofukuliwa katika dakika kumi za mwanzo, tisa katika kumi husalimika. Baada ya nusu saa, hawafiki nusu.

Na si vijana wenye haraka peke yao. Tarehe 23 Februari 1999, poromoko liliingia kijiji cha Galtür, nchini Austria, likafika hata kwenye nyumba zilizodhaniwa ziko mahali pa salama. Walikufa watu 31, na siku ya pili yake saba zaidi katika kitongoji jirani cha Valzur.

Mwaka 2018 UNESCO iliuandika ujuzi huu wa Uswisi na Austria wa kujikinga na maporomoko katika orodha ya urithi wa utamaduni. Mimi sikustaajabu. Manahodha wetu nao, kusi likivuma kwa nguvu, huacha vyombo bandarini hata jua liwake namna gani, na ilimu hiyo wameirithi kwa wazee wao. Wahenga walisema: kawia ufike.

Mpwa wangu alizirudisha mbao zake ndani, uso ameukunja. Ule mteremko haukuporomoka siku ile, wala kesho yake. Jioni tulikuwa tukinywa chai, naye akiutazama dirishani.

"Mjomba, huenda tungepita."

"Huenda," nilimwambia. "Na huenda leo nisingekuwa na wa kuniita mjomba."