Tarantula Anapojivua Gamba: Mwongozo kwa Mnunuzi

Mnunuzi arudipo nyumbani na kumkuta tarantula wake amelala chali, miguu ikielekea juu, wazo la kwanza limjialo ni kwamba mnyama amekufa. Wapo wanaomtupa papo hapo, na wapo wanaomrudisha dukani wakidai fedha zao. Mara nyingi mnyama huyo yu hai, naye yumo katika kazi ngumu kuliko zote za maisha yake: anajivua gamba. Tarantula anayekufa kwa kawaida halali chali. Husalia kifudifudi, miguu ikikunjika chini ya mwili kama vidole vya ngumi.

Buibui hana mifupa. Kinachomshikilia ni gamba la nje, nalo halitanuki. Ili akue hana budi kuunda gamba jipya, laini, chini ya lile la zamani, kisha atoke humo. Mchanga hujivua mara kadhaa kwa mwaka. Mkubwa huweza kukaa mwaka mmoja au miwili kabla ya kufanya hivyo tena. Siku zikikaribia, hukataa chakula kwa wiki kadhaa, pengine miezi, rangi yake hufifia, na ile sehemu ya tumbo iliyonyonyoka nywele hugeuka nyeusi. Asiyejua haya hudhani ameuziwa mgonjwa.

Hatimaye hutandaza utando sakafuni, kama mkeka, na kujilaza juu yake. Husukuma damu kuelekea mbele ya mwili mpaka kifuniko cha mgongo kipasuke ukingoni, kisha huchomoa mguu mmoja mmoja, mfano wa mtu avuaye glavu. Hata ngozi ya ndani ya kinywa na ya mapafu hutoka pamoja na gamba. Wadogo humaliza chini ya saa moja. Wakubwa huchukua saa nyingi. Aliyekuwa amepoteza mguu huweza kuonekana na mguu mpya, mwembamba kidogo, ambao hukua katika awamu zinazofuata.

Wakati huo usimguse, usimgeuze, wala usimnyunyizie maji kwa nia ya kumsaidia. La muhimu zaidi limepaswa kufanywa mapema: kuondoa nyenje au mende wote walio hai kisandukuni tangu alipoanza kukataa chakula. Nyenje mwenye njaa huweza kumtafuna buibui asiyeweza kujitetea, na kwa hasara ya namna hiyo hakuna muuzaji atakayewajibika. Baada ya kujivua, meno yake ya sumu huwa meupe na laini. Yaache yawe mekundu, kisha meusi. Kwa mkubwa ngoja wiki moja hadi mbili, maji yakiwepo kwenye kisahani kifupi, ndipo umpe chakula.

Gamba lenyewe usilitupe. Likiwa bado bichi, sehemu ya tumbo hukunjuliwa na kutazamwa kwa lenzi, na mfuko wa kuhifadhia mbegu ukionekana, huyo ni jike. Jambo hili lina uzito wa fedha. Jike la tarantula wa Mexico mwenye magoti mekundu huweza kuishi zaidi ya miaka 20, ilhali dume akishajivua mara ya mwisho hubakiwa na mwaka mmoja hivi. Anayekutoza bei ya jike na akuonyeshe gamba.

Majina nayo hupotosha. Hadi utafiti wa 2017 ulipotenganisha spishi mbili, wengi waliouzwa kwa jina la Brachypelma smithi walikuwa kwa hakika Brachypelma hamorii. Zote zimo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hivyo biashara yake ya kuvuka mipaka huhitaji kibali; omba nakala, pamoja na risiti isemayo kama mnyama amezalishwa kizuizini au ametekwa porini.

Kwetu Afrika Mashariki yupo Pelinobius muticus, buibui mkubwa wa rangi ya kutu achimbaye shimo refu katika nchi kavu za Kenya na Tanzania. Asichukuliwe kiholela: sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 huwahusu hata wasio na uti wa mgongo. Isitoshe, ni mkali, na hung'ata bila kusita.

Wale wa Amerika hutumia silaha nyingine: hupangusa tumbo kwa miguu na kurusha nywele zichomazo. Madaktari wa Leeds, Uingereza, walieleza habari za mtu aliyekuwa akisafisha kisanduku cha buibui wake, nywele zikamkwama katika mboni ya jicho, nyembamba mno hata kutoweza kung'olewa. Vaa miwani ya kinga na glavu usafishapo, na usiinamishe uso juu ya kisanduku kilicho wazi.