Gofu ya Mwaka Mzima: Entebbe na Tabora

Juma hili rafiki yangu mmoja wa hapa Tabora, aliyerudi kutoka Uganda, alinieleza kwa mshangao jinsi alivyoona watu wakicheza gofu Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, majani yakiwa kijani kibichi mwezi Agosti. Akaniuliza: "Kwa nini sisi tusiwe na kiwanja kama kile?" Swali ni zuri. Hebu tulitazame.

Klabu ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1901, na kiwanja chake ni miongoni mwa vile vikongwe kabisa Afrika Mashariki. Kina mashimo 18, na mchezaji hupiga kampira kadogo kutoka shimo hadi shimo, nyuma yake akifuatwa na kijana anayembebea fimbo.

Kinachowezesha mchezo huo Januari hadi Desemba ni mambo matatu. La kwanza ni jua. Entebbe ipo kilomita chache tu kutoka Ikweta, hivyo mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kule Scotland, ulikokulia mchezo huu, mwezi Desemba jua hutua kabla ya saa kumi alasiri. La pili ni hewa. Mji upo zaidi ya meta 1,130 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa ziwani hupoza joto la mchana.

La tatu, na ndilo kubwa, ni mvua. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Pepo za pande zote huvuma kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye uvuguvugu, na hewa hupanda na kufanya mawingu. Ndiyo maana ngurumo za ziwani hupamba moto usiku na mara nyingi huifikia Entebbe alfajiri au asubuhi. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na kwa mwaka hupita milimita 1,500. Majani hunyweshwa bure. Lakini neema hiyo ina masharti yake: mwenye fimbo ya chuma mkononi hana budi kukimbia uwanjani radi inapoanza, na mwaka 2020 na 2024 ziwa lilifurika na kuvamia makazi na mashamba ya ufukweni.

Sasa turudi Unyamwezini. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, milimita 900 hivi. Kuanzia Mei hadi Oktoba ardhi hukauka na majani hugeuka rangi ya makuti. Kwa miaka mingi mji huu ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na mama wa Tabora anajua maana ya ndoo kukesha kwenye foleni.

Maji ya Ziwa Victoria yalifika hapa kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2021, kwa mkopo kutoka India. Yaani maji tunayokunywa yanatoka ziwa lile lile wanalolitazama wacheza gofu wa Entebbe! Ila kwao yanashuka mawinguni, na kwetu yanasukumwa kwa mitambo kupitia Nzega, karibu na njia aliyopita Speke na wapagazi wake Julai 1858, akaliona ziwa tarehe 3 Agosti. Kila lita ina gharama yake. Kumwagilia nyasi za kuchezea kwa maji hayo, wakati kuna vijiji bado vinasubiri bomba, itakuwa vigumu kumweleza mwananchi.

Je, basi Tabora isicheze? La hasha. Katika sehemu kame za Afrika Mashariki wachezaji wa zamani walizungushia shimo mchanga uliochanganywa na mafuta, badala ya majani, na wakacheza kiangazi chote bila tone la maji. Mpira haubingiriki vile vile, lakini mchezo unaendelea. Na vijana wetu, wajukuu wa wapagazi waliobeba mizigo ya dunia kutoka hapa hadi Bagamoyo, wajifunze kuishika fimbo, si kuibeba tu.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Entebbe ina ziwa mlangoni, sisi tuna mchanga. Tuanze na tulichonacho. Tukutane juma lijalo.