Marehemu Jukwaani na Kioo Kisichoonekana

Msomaji mmoja wa Tanga ameniletea swali ambalo, kwa jinsi alivyoliandika, yaelekea limemnyima usingizi: ameona katika simu ya mjukuu wake picha za tamasha la Coachella, kule jangwani California, la mwezi wa Aprili 2012, ambamo Tupac Shakur, mwimbaji aliyeuawa mwaka 1996, alitokea kifua wazi, akaimba pamoja na Snoop Dogg, kisha akatoweka mbele ya macho ya hadhira, naye ataka kujua kama ule ni uchawi, ulaghai au elimu. Namjibu kwamba ni elimu, nayo ni kongwe kuliko reli ya Tanga. Magazeti yaliita kitu kile hologramu, na sivyo. Hologramu ni uvumbuzi wa Dennis Gabor wa mwaka 1947, na njia yake ni nyingine kabisa.

Ufundi huu ni tawi la sanaa iliyoenea siku hizi, ya kutengeneza mandhari ya jukwaa isiyomwacha mtazamaji akae kando akitazama, bali imzunguke mbele, juu na ubavuni, hata ajione yumo ndani ya hadithi. Jina lake kwa Kiswahili limenitaabisha. Rafiki yangu mmoja, mfasiri, hushikilia mandhari ya kuzamia, kwa hoja kwamba mtazamaji huzama humo. Lakini ni nani wa pwani hii asiyejua kwamba mzamiaji ni yule aliyejificha katika shehena ya meli apate kufika Ulaya pasipo nauli, au aliyeingia harusini bila ya kadi, na kwamba mwenye ukumbi akiliona neno hilo katika tangazo lake atadhani amewaalika watu waingie bure? Mandhari zamishi, nayo, yanukia jahazi lililopigwa na dhoruba. Mimi nachagua mandhari ya mzingo, kwa kuwa mzingo huzunguka wala haugharikishi mtu. Neno mandhari lenyewe silibadili kwa lolote, maana shina lake la Kiarabu ndilo lililozaa nadhari, na ndilo lililozaa jina la Kitab al-Manazir, kile kitabu cha nuru na macho alichokiandika Ibn al-Haytham wa Basra katika karne ya kumi na moja, akaeleza humo, pamoja na mengine mengi, jinsi kioo kinavyorudisha nuru. Kwa hiyo atajaye mandhari ya jukwaa ametaja elimu ya nuru bila ya kukusudia.

Kwa ukubwa, kilele cha mandhari hizo ni jumba la Sphere la Las Vegas, lililofunguliwa Septemba 2023 na bendi ya U2, ambalo kuta na dari yake ya ndani ni skrini moja ya mita za mraba zipatazo 15,000. Nalipita upesi. Skrini, hata ikiwa pana kama viwanja viwili vya mpira, ni taa nyingi zilizopangwa, na taa nyingi hazinistaajabishi kama kioo kimoja.

Mwenye kutaka kuufahamu mzuka wa Tupac na akumbuke safari ya basi la jioni, baina ya Segera na Muheza. Jua lingalipo, kioo cha dirisha ni kama hakipo. Wayaona mashamba ya mkonge safu kwa safu. Giza likiingia na utingo akawasha taa ya ndani, ghafla watokea uso nje ya basi, wapita mbio juu ya mkonge wala hauchomwi na miiba, nao ni uso wako. Ukimenya chungwa, yule wa nje naye amenya; ukikisogelea kioo, naye akisogelea, kwani umbali wake nyuma ya kioo ni sawasawa na umbali wako mbele yake; na taa ya nyumba ya mkulima yapenya katikati ya paji la uso wake, maana kiwiliwili hana. Kioo hakikubadilika. Mchana pia kilikuwa kikiurudisha uso wako vilevile, ila nuru ya jua iliyotoka mashambani iliumeza. Ndiyo sababu dereva hupaza sauti taa izimwe: hapendi kuwaona abiria wake wameketi barabarani mbele yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Nuru ikikipiga kioo kwa mshazari wa nyuzi 45, karibu sehemu 5 katika 100 hurudishwa na uso wa mbele, na kiasi kama hicho na uso wa nyuma. Iliyobaki, aghalabu, hupita. Basi kazi ya fundi wa jukwaa ni ile ya utingo na dereva, ya kuamua ni upande gani uwake na ni upande gani ufifie, na kwa kadiri gani.

Henry Dircks, mhandisi Mwingereza, aliueleza ufundi huu mwaka 1858, lakini kwa namna iliyotaka majumba ya michezo yajengwe upya, jambo ambalo hakuna tajiri aliyelikubali. John Henry Pepper, wa Royal Polytechnic Institution ya London, alikiinamisha kioo upande wa watazamaji, akamficha mchezaji shimoni mbele ya jukwaa, akammulika kwa taa kali ya chokaa, na mkesha wa Krismasi wa 1862 akauonyesha mzuka wake katika mchezo uliotokana na hadithi ya Charles Dickens. Na kwa kuwa kioo kimeinama, mchezaji wa shimoni hakuweza kusimama. Ilimlazimu aegemee ubao uliolala mshazari ili taswira yake isimame wima. Juu umesimama mzuka wa kutisha. Chini mtu amelazwa kama mgonjwa, jasho lamtoka kwa joto la taa.

Coachella yalibadilishwa mambo mawili. Mtu wa shimoni alikuwa picha iliyotengenezwa kwa kompyuta, ikatupwa na projekta. Na mahali pa kioo palitandazwa utando mwembamba wa plastiki, uliovutwa ukakazwa kama ngozi ya ngoma. Faida ya utando ni hii: kioo kina nyuso mbili, na kila uso hurudisha taswira yake, hata kioo chenye unene wa milimita 10, kikilala nyuzi 45, hutoa taswira mbili zilizoachana kwa milimita 7 na nusu hivi, kama herufi iliyoandikwa mara mbili na mkono unaotetemeka, ilhali wembamba wa utando huzikutanisha hata jicho lisizitenge. Habari za viti vya pembeni, za gharama na za idhini ya warithi zina siku yake.

Nawe, ndugu yangu wa Tanga, usinisadiki kwa maneno matupu. Chomoa kioo katika fremu ya picha, ukisimamishe wima mezani usiku. Mbele yake, umbali wa shubiri moja, washa mshumaa, na baina yako na mshumaa simamisha kitabu kipana kiufiche. Nyuma ya kioo, kwa shubiri ileile, weka bilauri ya maji. Zima taa ya chumba, utazame kwa juu ya kitabu: utauona mshumaa ukiwaka ndani ya maji.