Mume wa Bibi

Siku chache kabla ya Krismasi, tiketi za basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi huwa za kugombea. Wachagga wanarudi nyumbani. Wakifika stendi ya Moshi hupanda tena magari madogo ya Rombo, Marangu, Machame au Kibosho, barabara ikipinda kati ya migomba, watoto wamelala mapajani, viroba vya mchele na madumu ya mafuta yamebanwa miguuni. Gari linasimama. Bibi ameshasikia mlio, anatoka kihambani akijifuta mikono kwenye kanga. Mtoto wa miaka sita, ambaye usingizi haujamtoka, anasukumwa mbele.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Umechelewa mpaka nikataka kuolewa na mwingine. Na huyu mwanamke uliyekuja naye ni nani?”

Mtoto anageuka kumtazama mama yake, maana mwanamke anayeulizwa ndiye yeye. Mama anacheka, wala hamsaidii. Alishapita hapo, kwa babu yake mzaa baba, naye aliwahi kuwa “mke mdogo” aliyeshutumiwa kwamba hajui kupika. Mtoto atajua mwenyewe la kujibu, labda si leo, ila Krismasi ijayo atakuja na jibu mfukoni.

Huo ndio utani wa bibi na mjukuu, na karibu kila aliyekulia Afrika Mashariki ana kipande chake. Babu humwita mjukuu wa kike “mchumba”. Bibi humwita wa kiume “mume wangu”, humdai sukari na vitenge, humtishia talaka asipomaliza uji. Mgeni asiyejua mila anaweza kushtuka. Wenyeji wanajua kwamba hakuna kilichovunjwa hapo, kwani salamu yenyewe imeanza na shikamoo. Heshima na mzaha hutoka katika pumzi moja.

Lugha nayo imeupokea mchezo huu kwa namna yake. Kwa Mtanzania, bibi ni mama yake baba au mama yake mama. Kwa Wakenya wengi, bibi ni mke, na yule mzee ni nyanya, au shosho kwa vijana wa Nairobi. Ndiyo maana kijana wa Dodoma akisema mbele ya Wakenya kwamba likizo yote alikuwa kwa bibi yake, anaulizwa alioa lini. Watu huchekea kosa hilo kama ajali ya mpakani. Lakini bibi wa Marangu anayemwita mjukuu “mume wangu” angewaambia kwamba kwake maana zote mbili zinakaa nyumba moja bila kugombana.

Utani huu ulishawavutia wasomi zamani. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alichapisha makala maarufu kuhusu watu wanaoruhusiwa kutaniana bila mtu kukasirika. Hapa Tanganyika, katika miaka hiyohiyo ya 1940, aliyeandika kwa bidii juu ya utani wa makabila alikuwa R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege kule Amani, milima ya Usambara. Pengine aliyezoea kukaa kimya msituni akisikiliza nani anamwitikia nani alikuwa mtu sahihi kwa kazi ile.

Maelezo ya Radcliffe-Brown kuhusu babu na mjukuu ni mepesi kuyaelewa hata kwa asiyesoma anthropolojia. Baba na mama ndio wenye amri. Wao ndio wanaosema oga, soma, rudi kabla ya giza, ndio wanaochapa. Mahali penye amri hapana nafasi kubwa ya mzaha. Babu na bibi wamekwisha kulea; zamu yao ya kuchapa ilipita kwa huyuhuyu baba ambaye sasa anajifanya mkali. Mjukuu hana deni kwao, nao hawana mtihani wa kumpa. Wanabaki wawili pande mbili za mwenye amri mmoja, na watu wakiwa hivyo hufanya urafiki upesi. Ukitaka ushahidi, mwulize bibi yeyote kama baba yako alikuwa mtiifu utotoni. Utapata habari za maembe ya jirani ambazo baba alitaraji zingezikwa.

Kuna jamii ambazo zimeufanya ukaribu huu kuwa sheria kabisa. Wagikuyu wa Kenya humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Mfano ulio wazi upo katika familia ya rais wa kwanza wa nchi hiyo. Baba yake Jomo Kenyatta aliitwa Muigai, mama yake Wambui. Mkewe, Mama Ngina, ni binti wa chifu Muhoho na mama aliyeitwa Nyokabi. Basi watazame watoto wanne wa ndoa hiyo: Wambui, Uhuru Muigai, Nyokabi, Muhoho. Wazee wote wanne wamerudi mezani, na rais wa nne wa Kenya akaenda Ikulu akiwa amebeba jina la babu yake katikati ya majina yake.

Mambo haya huleta vituko vitamu nyumbani. Mwanamke ambaye mwanawe amepewa jina la baba yake mzazi hawezi kumfokea kwa jina hilo bila kusitasita kidogo. Wengi huishia kumwita “baba”, na mtoto anakua akijua kwamba kuna siku atafinywa, ila kwa adabu. Zamani Wagikuyu walikuwa pia na marika makubwa mawili ya kupokezana utawala, Mwangi na Maina, ambalo wengine huliita Irungu. Mtu hakuingia rika la baba yake. Aliingia lile lingine, la babu yake. Kwa hiyo babu na mjukuu walikuwa watu wa upande mmoja tangu mjukuu akiwa anatambaa.

Halafu kuna usiku. Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee ambamo wasichana na watoto wadogo walilala na kusimuliwa ngano, wakategeana vitendawili, wakafundishwa mengine ambayo mama mzazi angeona haya kuyataja. Mzee huyo aliitwa pim, na mara nyingi hakuwa bibi yao wa damu. Aliweza kuwa ametoka mbali, na habari zake nazo zilikuwa za mbali. Maana yake, ubibi ulikuwa kazi ambayo jamii ilihakikisha haikosi mtu.

Kwenye nyumba za Waswahili mlango wa usiku ni maneno mawili: “Paukwa!” na watoto kwa pamoja, “Pakawa!” Edward Steere, mmisionari aliyekaa Unguja, alizikusanya ngano za namna hiyo akazichapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kitabu kile kina thamani yake. Hata hivyo hakikuweza kubeba sauti ya fisi anavyoongea puani, wala kile kimya anachokiweka bibi makusudi pale sungura anaponyata, mpaka mjukuu mmoja anashindwa kuvumilia na kupiga kelele.

Kitendawili ndicho kilichokuwa na siasa zake. Bibi anasema, “Kitendawili!” Wanajibu, “Tega!” Anatega: nyumba yangu haina mlango. Aliyewahi kulisikia anadakia kwamba ni yai, na hapo bibi anachimba zaidi, anatoa gumu. Wanajaribu, wanakosa, wanatazamana. “Basi, nipeni mji.” Hapa ndipo utamu ulipo. Watoto wanashauriana kama baraza la mawaziri na kumpa Mombasa. Bibi anaipokea. Alikwenda Mombasa, anasema, akalakiwa kwa ngoma, akala pilau na samaki wa kupaka, akalalia kitanda cha besera, na watu wa Mombasa wakamwuliza, je, wale wajukuu wako wajinga bado hawajapata jibu? Ndipo anapolitoa. Huenda mwanamke huyo hajawahi kuvuka wilaya yake, lakini kufikia saa tatu usiku amekwisha kumiliki Mombasa, Tanga na nusu ya Unguja, na wajukuu wamejifunza majina ya miji ambayo mwalimu wa jiografia atawafundisha tena baada ya miaka mitano, bila pilau.

Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wamewapa wanasayansi sababu ya kumtazama bibi kwa jicho jingine. Katika miaka ya 1980 mtafiti Mmarekani Kristen Hawkes na wenzake walikaa nao wakihesabu nani anachimba nini na kwa saa ngapi. Wahadzabe huishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi. Mizizi iko chini sana, penye mawe, na mtoto mdogo hawezi kuichimba ya kumshibisha. Watafiti waliona kwamba wanawake wazee, ambao wangetegemewa kupumzika, walitumia muda mwingi zaidi porini kuliko wasichana. Tena walipopima uzito wa watoto, waligundua kwamba mama anapopata mtoto mchanga, kunenepa kwa yule aliyeachishwa ziwa hufuata bidii ya bibi yake. Mama amefungwa na kichanga. Bibi ana mti wa kuchimbia.

Kutokana na hayo Hawkes na wenzake walitoa hoja, iliyochapishwa mwaka 1998 na kujadiliwa mpaka leo, kwamba huenda binadamu huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu mabibi wa kale waliwafaa wajukuu zao. Si kila mtaalamu anaikubali. Lakini ni jambo la kufurahisha kwamba fundisho linalosomwa vyuo vikuu duniani lilianza kwa vikongwe wa Eyasi waliokuwa, kwa maoni yao wenyewe, wanatafuta chakula cha jioni tu.

Mchezo wa “mume wangu” una sharti moja ambalo halisemwi: lazima kuwe na mtu katikati. Bibi anaweza kudekeza kwa sababu mama yupo wa kukaripia. Anaweza kumpa mjukuu sukari guru kabla ya chakula kwa sababu kuna mwingine atakayeulizwa kuhusu meno. Msemo wa mitaani kwamba fulani “amelelewa na bibi”, yaani amedekezwa akaharibika, unatoka hapo.

Kagera waliona sharti hilo likivunjika. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vijiji vingi vilizika watu wa umri wa kati, wale wale wenye amri. Wakabaki wazee na watoto. Bibi aliyekuwa mtani akageuka mzazi kwa mara ya pili, safari hii akiwa na mgongo unaouma. Akawa ndiye wa kutafuta daftari na sare, wa kuuliza umetoka wapi saa hizi, wa kukata fimbo. Mtu hawezi kumchapa mumewe asubuhi na kumtania jioni. Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo wazee wa namna hiyo, na sehemu ya fedha ikaishia tumboni na shuleni kwa wajukuu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 au zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Hazikuwa fedha nyingi. Ila mzee mwenye kitu mfukoni anaweza kununua peremende, na kuanzia hapo pengine mzaha mmoja unarudi.

Kwa familia nyingi leo kilichoondoa ukaribu ni umbali tu. Mjukuu yuko Mbagala, bibi yuko Bukoba, na kati yao kuna simu inayopitishwa mkono kwa mkono. Bibi anapiga kelele kana kwamba anataka sauti ifike bila mtambo. “Mume wangu, nani anakupikia huko?” Mtoto anaona haya mbele ya wenzake. Anapokuwa na miaka kumi na tano haya inazidi. Akifika ishirini na tano yeye ndiye anayepiga, na ndiye anayeanza.

Kisha inafika siku ya mahari. Makabila mengi ya Tanzania huandika orodha, na humo, pamoja na ng’ombe au fedha yake, huwamo blanketi la bibi na koti la babu. Washenga vijana hudhani ni mapambo ya orodha, mpaka wanapomkuta babu wa bibi harusi amekaa kwenye kiti chake mlangoni, fimbo mapajani, anataka kujua wanamchukua mke wake kwa idhini ya nani. Miaka ishirini amemlea mchumba huyu, anasema, amemsubiri akue, na leo wanakuja watu na makoti ya mtumba! Wanatoa fedha. Anazikataa. Wanaongeza, wanapiga magoti, wanamwita baba mwenye nyumba. Bibi anachungulia kutoka ndani kumwambia aache choyo, kwani hata yeye mwenyewe hajamalizia mahari yake. Ukumbi unalipuka kwa kicheko. Mwishowe koti linaletwa, anavalishwa, mikono inamfika kwenye kucha. Anainuka, anageuka kulia, anageuka kushoto ili wamwone, kisha anauliza la pili liko wapi, kwa sababu hili ni la mke mkubwa.