Nyumba ya Mzee Ianze na Bustani

Kamati nyingi za parokia zinapoamua kujenga makazi ya wazee, swali la kwanza mezani huwa ni hili: tutapata vyumba vingapi? Ni swali la haki. Fedha zimetoka kwa waumini na kwa wafadhili, na kila aliyetoa anataka kuona matunda ya alichotoa. Lakini swali hilo likitangulia peke yake, jibu lake karibu siku zote ni jengo moja refu lenye korido nyembamba katikati na milango inayotazamana kama ya bweni la shule. Mzee aliyelima shamba lake miaka hamsini anapewa kitanda, chandarua na dirisha moja. Paa halivuji na chakula kipo, na bado anashinda kitandani mchana kutwa, kwa kuwa nje ya mlango wake hakuna mahali palipo pake.

Katika makala hii tunaeleza njia nyingine ya kupanga makazi ya namna hiyo: kuanza na bustani, kisha kuweka nyumba. Mfano wetu unatoka Denmark, katika mji mdogo wa Fredensborg. Makao ya wastaafu yaliyojengwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960 yanakaliwa hadi leo. Hatuyaelezi ili mtu ayanakili, maana hali ya hewa na mifuko yetu ni tofauti. Tunayaeleza kwa sababu hoja iliyoyajenga inafaa kila mahali palipo na mzee na kipande cha ardhi.

Kijana aliyehitimu wakati wa vita

Aliyeyasanifu ni Jørn Utzon, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1918. Baba yake alikuwa msanifu wa meli. Utzon alihitimu usanifu majengo katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Denmark mwaka 1942, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Kwa kijana aliyehitimu wakati huo kazi zilikuwa haba. Alivuka kwenda Uswidi mpaka vita vilipokwisha, na mwaka 1946 alifanya kazi kwa muda mfupi nchini Finland kwa msanifu mashuhuri Alvar Aalto.

Miaka iliyofuata hakuwa na majengo mengi ya kuonyesha. Alishiriki mashindano mengi ya ramani, na kazi zake nyingi zilibaki kwenye karatasi. Hata hivyo alisafiri na kutazama kwa makini. Moroko aliona vijiji vya udongo, ambako nyumba, ukuta na ardhi ni kitu kimoja. Mwaka 1949 alifika Meksiko akaona majukwaa ya mawe ya Wamaya wa kale. Kwao Denmark alizijua nyumba za wakulima zilizojengwa kuzunguka ua pande zote nne. Katika kila nchi alikuta wajenzi wasio na shahada waliojua jambo moja: nafasi iliyo wazi baina ya kuta ni sehemu ya nyumba sawa na chumba.

Mwaka 1952 alijenga nyumba ya familia yake huko Hellebæk, kandokando ya msitu. Upande wa kaskazini, unakotoka baridi, aliweka ukuta mrefu wa matofali uliofungwa. Upande wa kusini aliufungua kwa vioo kuelekea bustani na jua. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake Ib Møgelvang walishinda shindano la kubuni nyumba za familia kusini mwa Uswidi. Ramani hiyo haikujengwa wakati ule, lakini Utzon hakuitupa.

Ua wa mita 15 kwa 15

Alipata nafasi ya kuitumia karibu na kwao, katika mji wa Helsingør. Nyumba zipatazo 60, zinazoitwa nyumba za Kingo, zilianza kujengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Zilikusudiwa watu wa kipato cha kawaida, si matajiri.

Mpango wake ni rahisi kuelezwa. Kila familia ilipewa kiwanja cha mraba chenye mita 15 kila upande, yaani mita za mraba 225. Nyumba yenyewe imejengwa pande mbili tu za mraba huo, katika umbo la herufi L. Pande mbili zilizobaki zimefungwa kwa ukuta wa matofali, na katikati pamebaki ua wenye bustani. Vyumba vinatazama ua huo. Anayepita barabarani huona ukuta na paa tu. Aliye ndani huona mti wake, maua yake na anga.

Ukuta huo haulingani kimo. Mahali penye upepo au jirani wa karibu umepandishwa. Mahali penye mandhari nzuri umeshushwa ili mwenye nyumba aone mbali. Na nyumba hazikupangwa kwa mstari mnyoofu. Zilifuata mwinuko wa ardhi, moja ikisogea mbele kidogo na nyingine ikirudi nyuma, kila moja ipate jua lake. Utzon mwenyewe alizifananisha na maua kwenye tawi la mti, ambayo kila moja hugeukia mwanga.

Hapa pana somo kwa mtunza hazina wa kamati. Nyumba hizo hazikuwa za gharama ya kutisha, kwa kuwa umbo ni lilelile, tofali ni lilelile na kigae ni kilekile. Fundi akishajua moja amejua zote. Kilichobadilika ni mahali pa kuiweka kila nyumba na kimo cha ukuta wake, na hayo huhitaji zaidi mtu wa kutembea kiwanjani na kufikiri kabla ya msingi kuchimbwa.

Makao ya waliorudi nyumbani

Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya Fredensborg. Chama cha Dansk Samvirke, kilichowahudumia Wadenmark waliofanya kazi ng'ambo, kilitaka kuwajengea wanachama wake makao ya uzeeni. Hawa walikuwa watu walioishi miaka mingi katika nchi za mbali. Mtu wa namna hiyo anaporudi, lugha ni yake na pasi ni yake, lakini majirani wa ujana wametawanyika. Anahitaji nyumba, na zaidi ya nyumba anahitaji ujirani.

Utzon aliwapangia nyumba 47 za ua na nyumba nyingine 30 zilizoungana. Ziliwekwa kwenye mteremko, zikiuzunguka na kuupenya uwanja wa majani. Magari huingia kwa upande wa nje na kuishia hapo, hayakatishi katikati. Kila nyumba ya ua ina bustani yake iliyozungushiwa ukuta, na ukuta umeachwa wazi au umeshushwa upande wa uwanja, ili aliyeketi ndani aone majani, miti na jirani anayepita. Yakaongezwa majengo ya pamoja: mahali pa kula, kumbi za kukutania na vyumba vya wageni kwa ajili ya jamaa wanaokuja kutembea.

Tukiuangalia mpango huo kwa makini tunaona ngazi tatu. Ya kwanza ni ua wa mtu binafsi, ambao hakuna aingiaye bila hodi. Ya pili ni uwanja wa wote, ambao mtu huutazama akiwa kwake na kuuingia akitaka. Ya tatu ni ukumbi, kwa chakula, mikutano na sherehe. Mzee huchagua mwenyewe ngazi ya siku hiyo. Akiwa na huzuni hubaki uani. Akichangamka huenda ukumbini. Katika jengo la korido ngazi ya kati haipo. Ukifungua mlango umeshatokea mbele ya watu, ukiufunga umefungiwa.

Utzon baadaye alijulikana dunia nzima kwa Jumba la Opera la Sydney nchini Australia. Alishinda shindano lake mwaka 1957, nyumba za Helsingør zikiwa bado mikononi mwake, na akajiuzulu mwaka 1966 kabla jumba halijakamilika. Mwaka 1976 kanisa alilolisanifu huko Bagsværd, karibu na Copenhagen, lilikamilika. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kabisa kwa wasanifu, na majaji walizitaja pia nyumba zake za kuishi. Alifariki mwaka 2008.

Kwa nini bustani ni haki ya mzee

Huenda msomaji akauliza: bustani si anasa? Kwa kijana anayetoka asubuhi na kurudi jioni, pengine. Kwa mzee ni kinyume. Kadiri miguu inavyopungua nguvu ndivyo dunia yake inavyosogea karibu, mpaka siku zake nyingi anaishi ndani ya hatua ishirini kutoka kitandani. Kilichomo ndani ya hatua hizo ndicho maisha yake. Zikiwa za sakafu ya saruji tupu, hivyo ndivyo maisha yake yalivyo.

Bustani humpa sababu ya kuamka, kwa kuwa mche usiponyweshwa leo utanyauka kesho. Humpa mazoezi bila kumwita kwenye mazoezi. Na humrudishia nafasi ya mtoaji. Bibi mwenye matembele na mchaichai mlangoni pake ana cha kumpa mgeni. Wote tunaopeleka misaada tunajua jinsi mtu anavyoinamisha kichwa anapopokea tu mwaka hadi mwaka.

Denmark yenyewe ilisogea upande huo. Kwa sheria ya mwaka 1987 nchi hiyo iliacha kujenga nyumba mpya za kulelea wazee za mtindo wa zamani, ikaelekeza nguvu katika nyumba kamili ambazo mzee anaishi kama mkazi na huduma inamfuata kwake.

Kutoka Denmark hadi kiwanjani kwetu

Tukirudi kwetu, ua si jambo geni. Katika nyumba za mawe za Lamu, vyumba vilipata hewa na mwanga kutoka ua wa ndani, na wajenzi wa zamani waliuita kiwanda. Katika nyumba zetu za kawaida, uani ndiko kupikwako, kuoshwako vyombo na kusukwako nywele. Kamati haihitaji kumfundisha mzee faida ya ua. Inahitaji tu kutomnyang'anya.

Mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Jua. Denmark walilitafuta jua. Sisi tunatafuta kivuli na upepo. Pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lisichome kuta ndefu. Mti wa kivuli upandwe mapema, maana haununuliki ukiwa mkubwa.

2. Miguu. Kusiwe na ngazi wala kizingiti kirefu baina ya chumba na bustani. Njia iwatoshe watu wawili wanaotembea wameshikana mikono, na iwe pana vya kutosha kwa kiti cha magurudumu. Pawe na benchi kila baada ya hatua chache.

3. Mgongo. Mzee asilazimike kuinama. Tuta lililoinuliwa kwa matofali hadi kimo cha kiuno, au bustani ya gunia, linatosha kwa mchicha na sukuma wiki.

4. Maji. Bomba au tangi la maji ya mvua liwe karibu na mlango. Bustani iliyo mbali na maji hufa kiangazi cha kwanza.

5. Macho. Ukuta au uzio uwe na sehemu fupi inayoelekea njia ya watu. Aliyezungushiwa ukuta mrefu pande zote hana bustani. Ana kifungo chenye maua.

Gharama lazima isemwe wazi. Nyumba ndogondogo zina kuta nyingi kuliko jengo moja, na hutumia ardhi zaidi. Njia za kuipunguza ni zile za Utzon: nyumba zishirikiane kuta, umbo liwe moja, vifaa viwe vya mahali hapo, na ujenzi uende kwa awamu. Nyumba nne zenye bustani zinaweza kuanza kukaliwa wakati nyingine zinasubiri fedha; nusu ya jengo la korido haimsaidii mtu. Tunawaomba wafadhili wetu nao waikubali bajeti yenye kipengele cha miti, njia na maji, wasikione kama mapambo ya kukatwa kwanza.

Na parokia isiyo na mpango wa kujenga isidhani makala hii haiihusu. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo ya wazee, na wengi wao wataishi na watoto na wajukuu. Hoja ni ileile hata kwa chumba kimoja cha babu nyuma ya nyumba ya mwanawe: mlango utazame wapi, nje yake pana nini, na anaweza kufika huko mwenyewe?

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Wazee tunaotaka kuwajengea tumewauliza wanakaa wapi mchana, na wangependa kupanda nini?

2. Katika ramani yetu, ni hatua ngapi kutoka kitandani hadi kwenye udongo? Zina ngazi?

3. Mzee asiyetaka kuonana na watu leo ataketi wapi nje? Na anayetaka kuwaona?

4. Fedha zikipungua, ni kitu gani tumepanga kukipunguza kwanza, na nani atakayekikosa kila siku?