Mnara wa Mau Mau: Mapatano Yaliyochelewa

Vita vingi humalizika kwa mkataba na sahihi. Vya Mau Mau havikuisha hivyo. Field Marshal Musa Mwariama wa Meru, ambaye Mwingereza hakuwahi kumtia mkononi, alitoka msituni baada ya Uhuru wa 1963 akakutana na Mzee Jomo Kenyatta. Lakini Mau Mau iliendelea kupigwa marufuku hadi 2003. Marufuku hiyo ilipoondolewa, wazee waliweza kuandikisha chama chao, na mwaka 2009 wakafungua kesi mjini London.

Juni 6, 2013, Waziri William Hague alilitangazia bunge la Uingereza mapatano: wazee 5,228 walioteswa wangelipwa, jumla pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi, na mnara ungejengwa Nairobi. Ulizinduliwa Septemba 12, 2015, katika bustani ya Uhuru.

Nilipouona, nilishangazwa na jambo moja. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, lakini hawatazamani. Ndivyo ilivyokuwa: usiyemwona uso huwezi kumtaja ukiteswa.

Na mateso yalikuwapo. Katika kambi za Mwea, zilizokuwa wilaya ya Embu wakati huo, kipigo kilikuwa utaratibu wa kazi.

Uingereza imelipia jiwe. Lililobaki ni letu, ndugu msomaji: wazee wa Meru na Embu waulizwe wangali hai, maana sanamu haisimulii.